Ng'ombe Wako Nje

Jumanne nilikuwa Mabatini kwa fundi simu, dada mmoja mcheshi, nikisubiri kubadilishiwa kioo. Pembeni yangu alikaa mzee wa Kiseke ambaye simu yake ilikuwa imegoma kuchaji. Kila dakika aliuliza, "Bado tu?" Fundi akachoka, akampa simu yake mwenyewe yenye gemu la ufugaji.

"Baba, nichungie hawa kwanza."

Mzee aliipokea kwa vidole viwili, kama amepewa mwanasesere. Akagusa kioo. Ng'ombe akalia. Akainama mpaka miwani ikamshuka puani.

"Huyu mwekundu ana kiu. Nani alikuwa anawachunga?"

Tulicheka, mimi nikicheka zaidi.

Baada ya nusu saa fundi akamwambia, "Simu yako tayari, baba." Mzee hakuinua kichwa. Alinyoosha kiganja kumzuia.

"Subiri. Ng'ombe wako nje."

Akawaswaga mmoja mmoja kwa kidole, huku akipiga mluzi, mpaka wa mwisho akaingia zizini. Ndipo akasema taratibu, "Wangu niliwauza wote nilipohamia kwa binti yangu. Mwaka wa tatu huu sijafunga zizi."

Vijana huniambia gemu hupendwa kwa picha zake kali. Labda. Wale ng'ombe walichorwa vibaya kuliko ninavyochora mimi.

Kesho yake nilirudi, maana kioo changu kipya kilikuwa hakisikii kidole. Nilimkuta mzee amenitangulia, simu yake, sasa nzima, ikiwa mfukoni, anamuuliza fundi hata kabla hajaketi:

"Wameamkaje?"