Chungu Kilichovaa Kofia ya Pikipiki

Mama yangu aliteremka kutoka Bugeshi kuja kuishi kwangu mjini Gisenyi kwa sababu ya goti, na wiki ya kwanza tu akagombana na sosiji. Nilimkaangia mbili kwenye jiko la gesi, nikamwekea na mkate na chai ya maziwa. Akaigeuza moja kwa kidole, upande huu, upande ule.

"Mufupa yake iko wapi?"

"Haina mufupa, mama."

"Bon. Mi siwezi kula kitu haijasimamaka hata siku moja."

Nilikasirika. Mimi ni fundi cherehani, asubuhi yangu ni fupi, na mtu anayekaanga huku amechelewa hapendi kuhojiwa.

Lakini nilijua anachokitaka. Kule Bugeshi, juu ya mafiga, kulikuwa na uchaga ambako mbavu za ng'ombe zilikaa kwenye moshi mpaka zikawa nyeusi ti. Alfajiri mama aliteremsha ubavu mmoja, akauponda kwa mchi, akautumbukiza katika maharagwe ya jana, viazi navyo vikiiva ndani ya majivu. Moshi ulitutoa machozi sote. Tulikula tunalia, na mgeni aliyechungulia mlangoni angedhani tumefiwa. Sijala kitu kitamu kama kile tangu hapo, nasema wazi.

Mjini mwenye nyumba hataki moshi. Mama akaacha kula asubuhi, kisha hata mchana akawa anaonja tu. Nililijua hilo kwa cherehani: nilizipunguza nguo zake za kitenge, na baada ya miezi miwili nikazipunguza tena. Kila nilipokata uzi niliogopa.

Ndipo alipotoa wazo. Nyama inunuliwe mjini, itiwe katika chungu chake, ipande pikipiki hadi kwa mke wa mjomba, ambaye bado anakaa katika nyumba yetu ya Bugeshi, ilale juu ya moto wiki nzima, halafu irudi. Nikamwambia huo ni wazimu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini kwetu mkuu ndiye aliyekuwa na goti bovu. Hata hivyo nilimwita motari, dereva wa pikipiki wa kituo cha karibu, baba wa watoto watatu, mtu makini kupita kiasi. Nikakifunga chungu kwenye kiti cha nyuma. Akakitazama.

"Hii iko abiria ao iko muzigo?"

"Iko nyama."

"Inakaa nafasi ya abiria. Donc inavaa kasike. Polisi akinisimamisha, nitajieleza namna gani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akachukua kasike, ile kofia ngumu ya abiria, akakivisha chungu na kufunga mkanda chini ya ukingo. Mama akaja kuhakikisha haikibani, kisha akamwagiza aende polepole kwenye kona.

Basi kila Ijumaa nyama yetu ilipanda mlima imevaa kofia, na ile ya wiki iliyopita ikashuka vilevile. Majirani walizoea hata wakawa wanaipungia mkono. Muuza sambaza mmoja, wale dagaa wa ziwani, aliniuliza kama yule mgonjwa amepata nafuu. Nikamjibu kwamba anaendelea vizuri.

Na mama alikula. Jumamosi alikula, Jumapili alikula, Jumatatu alilamba mfupa. Jumanne akaanza tena kuitazama barabara.

Ijumaa moja motari alifika, tukakipandisha chungu na kukivisha kama kawaida. Mama akatoka nyumbani amevaa viatu vya kanisani, mfuko mkononi. Akaivua ile kasike kwenye chungu, akainusa ndani kwa muda mrefu.

"Hii iko jikoni yangu," akasema. Akaivaa.

"Mukecuru, na nyama?" motari akauliza, kwa heshima tunayowapa bibi wazee.

"Nyama iko muzigo." Akapanda, akakipakata chungu.

"Mama, na goti?"

"Goti inauma hata huku. Kule itauma nikiwa nimeshakula."

Wakaondoka. Nilisimama pale na hasira na uchungu, kwa maana nilikuwa nimemtunza kwa moyo wote, nikashindwa na moshi. Sosiji za asubuhi ile nilizila mwenyewe, zote nne.

Mwezi uliopita nilipanda Bugeshi. Nilimkuta kando ya mafiga, mguu ameunyosha juu ya kigoda, anakula huku machozi yanamtiririka kama zamani. Hakuniuliza habari za safari. Alinitupia gauni la kitenge, lile nililolipunguza mara mbili.

"Fungua hii. Inanibana."

Nikakaa karibu na moto, nikafumua mishono yangu mwenyewe, wa pili kwanza, kisha wa kwanza. Machozi yalinitoka, na hakuna aliyeniuliza kama ni moshi.