Neno la Mwisho la Orrin Plaisted

Orrin Plaisted alikuwa mhariri wa jarida la michezo ya kuigiza hapa Cincinnati, na kalamu yake ya buluu haikuwa na huruma. Mwandishi aliyempelekea kazi alirudishiwa ikiwa imekatwa mkia. "Hadithi yako iliisha ukurasa uliopita, bwana," angemwambia. "Hapa ulikuwa unapiga domo tu."

Mkewe, Tess, alifariki majira ya baridi ya mwaka 1909. Alikuwa kitandani, kifua kimembana, na Orrin yuko chumba cha pili anasahihisha toleo la Februari. Tess akaita, "Umemaliza?" Orrin hakujibu, maana alikuwa amebakiza sentensi moja. Alipoingia, mkewe alikuwa ameshakata roho.

Tangu hapo, kila jioni akishika kalamu, aliisikia sauti ile nyuma ya mlango. Umemaliza? Aliniambia mwenyewe, mimi Rowena Teague, mwigizaji mwenye ulimi mkali. Mwishowe akaandika tamthilia juu ya kifo kile, nikapewa nafasi ya Tess. Neno la mwisho kabla ya pazia kushuka lilikuwa hilohilo. Aliamini likishasemwa mbele za watu, Tess atapumzika, na yeye pia.

Sisi waigizaji hatutamki neno la mwisho mazoezini, tusije tukautia mchezo nuksi. Kwa hiyo kila nilipofika pale nilisema, "Supu ya njegere!" na wenzangu wakavunjika mbavu. Orrin hakucheka hata siku moja.

Alasiri ya siku ya ufunguzi akaniletea nakala yangu. Neno lile lilikuwa limekatwa kwa kalamu ya buluu.

"Pale nyamaza tu, Rowena. Pazia lishuke."

"Una wazimu wewe? Mchezo mzima unangoja neno hilo!"

"Tess akienda, nitabaki na nani?"

Nilimhurumia, na nilikasirika vilevile. Nani alimwuliza Tess kama anapenda kusimamishwa nyuma ya mlango miaka yote hiyo? Jioni ile, ukumbi umefurika, nilifika pale nikamwona Orrin amesimama nyuma kabisa, kofia mkononi, ananitikisia kichwa kunikataza. Nikasema, "Umemaliza?"

Kutoka nyuma ikaja sauti yake: "Nimemaliza, Tess. Nisamehe."

Watu walidhani ni sehemu ya mchezo. Walipiga makofi mpaka wakachoka.

Kesho yake alinifuata chumba cha kujipodoa. "Nimekaa na kalamu mpaka kahawa ikapoa," alisema. "Nyuma ya mlango kimya kabisa." Hakunilaumu. Afadhali angenitukana.

Siku hizi, nikiwa mbele ya kioo nafuta rangi usoni, sauti ya mwanamke nisiyemwona huuliza nyuma ya mlango wangu. Umemaliza? Uso umeshatakata zamani. Nakishika kitambaa tena, namjibu, "Bado kidogo," kwa sababu huko nilikopanga chumba hakuna mwingine anayeniuliza.