Ramadhani Mbili za Zamda

Tangu alipovunja ungo, Zamda hakuwahi kuiacha funga, ukiondoa zile siku ambazo dini yenyewe humpumzisha mwanamke, nazo alizilipa mapema kama mtu anayeogopa kulala na deni. Alifunga akilima. Alifunga akichemsha mahindi na kuyakimbiza kwenye madirisha ya mabasi pale Segera, harufu yote ikimwingia puani mwenyewe, naye akicheka na abiria. Sasa mwanamke wa namna hiyo, ukimwambia ajifiche nyuma ya pazia mchana wa Ramadhani akinywa uji, umemvua nguo mbele za watu. Na Zamda alivuliwa mara mbili, miaka miwili mfululizo, na mtu aliyekuwa akimwita "dokta".

Mtu huyo ni Godlisten, mwenye duka la dawa karibu na njia panda. Si daktari, na yeye mwenyewe anajua, ila hajawahi kumsahihisha anayemwita hivyo.

Mwanzoni Zamda alikuwa mgonjwa kweli, hilo tukubali. Chembe cha moyo kilimuuma, hasa tumbo likiwa tupu, kama panya anayetafuna gunia. Godlisten akamchoma kidole, akadondosha damu kwenye kipimo, mistari miwili ikatokea. "Mama, una bakteria wa vidonda vya tumbo," akasema. Akampa dozi ya wiki mbili. Mdomo wa Zamda ukawa mchungu, hata chai ikawa na ladha ya msumari, lakini hakuruka kidonge hata kimoja. Maumivu yakaisha. Zamda akaanza kula tena, akanenepa, kanga zikamkaa vizuri, na mumewe Awadhi akasema nyumba imerudi kuwa nyumba.

Miezi miwili baadaye ukaja moto mwingine. Huu haukuwa wa chembe cha moyo. Uliwaka nyuma ya kifua, ukapanda mpaka kooni na maji machungu. Ulimjia akiinama kuinua beseni la mahindi, ulimjia akijilaza baada ya kushiba. Asubuhi sauti yake ilikuwa imekwaruza, na muuza mahindi asiye na sauti atamwita nani?

Akarudi dukani. Akaeleza vizuri, mkono kifuani, "Huu unaanzia hapa, unapanda. Ule wa kwanza ulikuwa chini, na ulikuja kwa njaa. Huu unakuja kwa shibe."

"Moto ni moto, mama," Godlisten akajibu, tayari amemshika kidole. Mistari miwili. "Unaona? Wamerudi."

Dozi ya pili. Kisha ya tatu. Kisha ya nne! Kila mara damu ile ile, mistari ile ile, vidonge vile vile, na moto haukusogea hata hatua moja. Na juu ya hayo Godlisten akamwekea masharti: vidonda havitaki njaa, kwa hiyo ale kila baada ya muda mfupi, anywe bakuli la uji wa maziwa kabla ya kupanda kitandani, na kufunga asithubutu. Zamda akatii. Akashiba, akalala, moto ukapanda. Akaona ugonjwa umezidi, akaongeza uji. Segera nzima inajua sharti hilo, kila mwenye vidonda analirithi kwa mwenzake, na hakuna anayeuliza limetoka wapi.

Ramadhani ya kwanza alilia. Ya pili hakulia tena, na hilo lilikuwa baya zaidi. Wifi yake Shamsia alimkuta na kikombe mkononi saa sita mchana, akamwangalia toka juu mpaka chini. "Wifi, moto wa kifuani unaukimbia. Wa akhera utaukimbilia wapi?" Zamda akavuta pazia. Angejibu nini, na wifi ndiye aliyekuwa amefunga?

Mwezi wa Rajabu ulipoandama mwaka huu, Ramadhani ikiwa imebakiza miezi miwili, alikwenda kwa Godlisten na swali moja tu, "Dokta, mwaka huu nitafunga?"

Godlisten hakuinua hata macho. "Kaa hapo nikuchome kidole kwanza."

Zamda aliutazama ule mkono ulionyooshwa kumshika, akaurudisha wake ndani ya kanga. Kesho yake alikuwa Korogwe, kwenye benchi la hospitali.

Tabibu aliyempokea ni binti anayeitwa Hosiana. "Shikamoo mama. Nieleze unavyosikia, tangu mwanzo, usifupishe." Zamda alikaribia kulia kwa hilo neno la usifupishe. Alieleza yote. Binti hakumshika kidole. Alimuuliza dozi ya mwisho aliinywa lini, na aliposikia imepita miezi mitatu, akamwambia aache pia vidonge vya kupunguza tindikali alivyokuwa akijinunulia, kwa wiki mbili, kisha alete choo kipimwe.

Majibu yalipotoka, Hosiana alimsogezea kiti. "Mama, huna bakteria."

"Wameondoka lini?"

"Tarehe siwezi kukuapia. Lakini kwa ulivyoeleza, naamini dozi ya kwanza iliwamaliza."

"Na ile mistari?"

"Kile kipimo cha damu kinaonyesha kwamba mwili uliwahi kupigana nao. Kidonda kikipona, kovu linabaki. Wewe umekuwa ukitibiwa kovu." Kisha akamweleza kwamba ulio nao sasa ni tindikali inayopanda kutoka tumboni. Kwa baadhi ya watu hutokea baada ya bakteria kuondoka, tumbo likarudisha nguvu zake za kutoa tindikali na mtu akanenepa. Kwa wengine haitokei, na wataalamu wenyewe bado wanabishana. "Kuwatibu ilikuwa haki, wale si wageni wa kufugwa. Kosa ni kurudia. Na ule uji wa kulalia, mama, ndio ulikuwa kuni."

"Nitafunga?"

"Tutakupa dawa, ujaribu siku mojamoja. Futari usijaze tumbo. Ukila daku, usirudi kulala. Ikikuzidi, fungua, Mungu hajakutwisha usichokiweza."

Hasira haikumpanda pale. Ilimpanda njiani, na aliposhuka Segera ilikuwa imeiva. Aliingia dukani bila hodi. Kwenye benchi alimkuta Janeth, msichana muuza machungwa, pamba kwenye kidole, mfuko wa vidonge mapajani.

"Dozi ya ngapi hiyo, mwanangu?"

"Shikamoo mama. Ya tatu."

Zamda alimgeukia Godlisten, akaweka cheti cha hospitali juu ya kioo. Godlisten akakisoma, akakisoma tena. "Mama Zamda, mimi nilikuwa nakusaidia."

"Ulinisaidia mara moja, na kwa hiyo nakushukuru. Hizo tatu ulimsaidia nani? Nilikwambia moto huu si ule! Nilikuonyesha kwa mkono!"

"Basi nikurudishie hela zako..."

"Hela kaa nazo. Nirudishie Ramadhani zangu."

Zamda akamshika Janeth mkono, ule wenye pamba. "Inuka. Kesho tunakwenda Korogwe. Na ukifika, eleza tangu mwanzo, usifupishe."

Jumatatu iliyofuata alikula daku kidogo, akanywa maji, na Awadhi aliporudi kitandani yeye akabaki ameketi kwenye kigoda mpaka adhana. Mchana alisimama na beseni lake mbele kabisa ya duka la dawa, midomo mikavu, sauti bado imekwaruza, akiwaita abiria. Shamsia alipita, akamuuliza kama haumwi.

"Naumwa kidogo," Zamda akasema. "Lakini nimefunga. Ikitoka ya leo, kwenye deni la Ramadhani zangu mbili zinabaki siku hamsini na nane."