Pengo la Nyuma ya Uwanja

Shangazi yangu ni mchomeleaji vyuma, na mtaa mzima unamwita Cheche. Wanaodhani ni kwa sababu ya kazi yake hawajawahi kumjibu vibaya. Ana miaka hamsini na minane, mikono yake imejaa makovu madogo ya moto, na hajui kusema ndiyo ili mambo yaishe. Mumewe alilijua hilo akiwa amekwisha kuoa. Aliyetaka kuwa wa pili aliulizia kwanza, akaghairi.

Manispaa ilipoamua kuujengea mtaa wetu uwanja wa kuchezea watoto, kazi ya vyuma alipewa yeye: bembea, bati la kutelezea na uzio. Mhandisi akaja na mchoro. Ulikuwa mchoro wa kupendeza, kila kitu kimenyooka, hata miti ni miduara mitupu. Shangazi aliukodolea macho, kisha akauliza jambo moja.

"Geti liko wapi?"

"Upande wa lami, mama. Wageni watashukia pale."

"Na watoto je, wanatokea wapi?"

Mhandisi akafungua daftari lake. Kumbe alipima eneo lile Jumatatu asubuhi, watoto wote wakiwa shuleni, akaandika kwamba halitumiki. Nilicheka mpaka nikaona aibu. Pale ndipo tulipokulia sisi sote, na goti langu la kushoto lina ushahidi.

Shangazi hakubishana naye. Kesho yake mchana alimwaga majivu, mstari mmoja kuzunguka uwanja mzima, akaketi juu ya ndoo kusubiri watoto watoke shule. Jioni akamwita mhandisi, wakaufuata mstari hatua kwa hatua. Upande wa lami majivu yalikuwa vilevile kama alivyoyamwaga. Upande wa nyuma, penye kichochoro kinachotoka kwenye nyumba zetu, yalikuwa yamekanyagwa yote. Pembeni kidogo palikuwa na alama ya kiduara, kisha unyayo, kisha kiduara tena.

Hilo ni gongo analotembelea binti yangu. Ana miaka saba. Kwa kichochoro anafika uwanjani kabla hajachoka. Kwa lami angelazimika kuzunguka kando ya malori ya mchanga, na mimi nisingemruhusu hata kwa dawa. Wangemjengea uwanja mbele ya macho yake halafu abaki dirishani akiwatazama wenzake.

"Mchoro umeshapitishwa, mama," mhandisi akasema.

"Na nani? Hao waliopitisha wanabembea?"

Akakunja mchoro wake akaenda zake.

Shangazi alichomelea geti la lami pale pale lilipochorwa, mtu asije akasema hajui kusoma. Alipofika kwenye kichochoro, akaacha pengo. Upana wake aliupima kwa binti yangu na gongo lake, na rafiki yake kando yake, maana watoto hawa hawatembei mmoja mmoja. Mimi nilikuwa naogopa.

"Shangazi, hawatakupa kazi tena."

"Wasinipe. Vitanda vya chuma havijaacha kuvunjika."

Siku ya ukaguzi mhandisi alikuja na mkubwa wake. Alipoliona lile pengo akavimba.

"Mama, ziba hapa. Sasa hivi!"

Watoto walikuwa wameshatoka shule. Walijaa kichochoroni kimya, binti yangu mbele yao, na hawakuwa wakimtazama mhandisi bali shangazi. Nilishikwa na hasira. Miaka yote hii tunaambiwa tusogee, na sasa hata watoto.

Shangazi akawasha mashine. Nikadhani anaziba. Kisha akavua kofia yake ya kuchomelea, akamkabidhi mhandisi kifuani.

"Mashine hiyo inawaka, vyuma hivyo hapo. Ziba mwenyewe. Ila ukiziba, uwe unawaangalia hawa."

Mhandisi akabaki ameikumbatia ile kofia. Akamtazama mkubwa wake, na mkubwa wake akawa anakagua viatu vyake. Tukasikia gongo likigonga ardhi, hatua kwa hatua, mpaka likasimama mbele ya mhandisi pale penye pengo.

"Naomba nipite, baba," binti yangu akasema.

Akampisha.