Mikanda ya Viatu Vyangu vya Darasa la Nne

Harufu ya plastiki iliyopashwa moto hunitia hasira hadi leo. Nina kibanda changu cha kushonea nguo Tarime mjini, na jirani yangu wa kushoto ni fundi wa kuziba ndoo na madumu yaliyotoboka. Kila akitoa kisu kwenye jiko la mkaa na kukibandika kwenye dumu, moshi ule unaoshika kooni hunifikia kwenye cherehani, na mimi, mama mtu mzima mwenye wateja wanaosubiri, hujikuta nimekaza meno. Wateja hudhani nimekasirishwa na kitambaa. Si kitambaa. Ni viatu vyangu vya darasa la nne, ni lambo la kijijini kwetu Gorong'a, na ni kiangazi kimoja ambacho baba yangu amekisahau kabisa na mimi sijasahau hata siku yake moja.

Nilikuwa na miaka kumi. Januari ile baba aliuza beberu, akaninunulia daftari, sare na viatu vya plastiki laini, rangi ya kahawia, kila kimoja kikiwa na mikanda mitatu mbele na mmoja wa kufungia kwenye kifundo. Mwezi huohuo mama alijifungua mdogo wangu Chacha. Mama yangu ni Mjaluo wa upande wa Shirati, mtoto wa ziwani, aliyeolewa kwa ng'ombe akaletwa kwenye mji wa Wakurya ambako samaki hakuhesabiwa kuwa chakula. Sisemi Wakurya wote, nasema mji wetu, kaya yetu. Bibi, mama yake baba, alimwita samaki mdudu wa majini, na alisema harufu yake ikiingia kwenye chombo cha maziwa, ng'ombe watakauka viwele. Mama aliikuta sheria hiyo siku aliyoolewa, akaishi nayo miaka yote bila kunung'unika. Lakini uzazi ule ulimshinda. Uji wa ulezi aliukinai, maziwa ya mgando aliyatapika, na titi likawa tupu. Chacha alikuwa akinyonya, anaachia, analia kwa sauti nyembamba iliyozidi kuwa nyembamba kila siku. Jioni moja nilimsikia mama akijisemea kwamba kwao mzazi hupewa mchuzi wa samaki tangu siku ya kwanza, na maziwa huja yenyewe. Alikuwa anaongea na ukuta. Hakuniambia mimi na hakunituma, na naomba msomaji alishike hilo vizuri, kwa sababu baadaye litasemwa kinyume.

Dagaa waliuzwa gulioni, lakini kununua dagaa ni kuonekana. Lambo lilikuwa karibu zaidi. Lilichimbwa kwa ajili ya ng'ombe, maji yake yana rangi ya chai ya maziwa, na kambare waliingia humo na mafuriko wakabaki. Likizo moja mjomba wangu wa Shirati alikuwa amenifundisha kuvua nikiwa nimesimama nchi kavu, bila mtumbwi wala wavu, akanipa ndoana mbili na uzi mwembamba wa nailoni uliozungushwa kwenye kijiti. Nilivificha kwenye nyasi za paa la jiko. Tatizo likawa chambo. Ardhi ya kiangazi ilikuwa imekauka kama tofali, minyoo imezama chini kabisa, na msichana akionekana anachimbachimba kando ya lambo lazima aulizwe. Wiki ya pili ya shule mkanda wa kiatu cha kushoto ukakatika. Niliushika mkononi nikakumbuka maneno ya mjomba: kambare wa maji ya tope haoni vizuri, anafuata kinachotikisika na kinachonuka.

Basi niliupasha ule mkanda juu ya makaa, na hapo ndipo harufu ile iliponiingia. Plastiki ilipolegea niliisokota, nikaishika hivyo hivyo ikiniunguza vidole mpaka ikapoa, kisha nikaupasua mwisho wake kwa wembe ukawa na mikia miwili. Kwenye maji ilicheza kama mnyoo mwenye haraka. Niliichomeka kwenye ndoana, nikaisugua kwa utumbo wa kuku, nikairusha hatua tano au sita tu kutoka ukingoni. Unaacha izame. Unahesabu kimya mpaka kumi. Unavuta kidogo, unaacha. Samaki haumi ukivuta, anauma ukiacha, na uzi unakuwa umezungushwa kwenye kidole cha shahada, kwa hiyo unamsikia kabla hajajijua kwamba amekamatwa. Ukimvuta kwa pupa uzi mwembamba unakatika, kwa hiyo unatembea naye ukingoni, anakwenda na wewe unakwenda, mpaka achoke. Kambare wangu wa kwanza alikuwa mrefu kama mkono wangu hadi kiwiko. Sijawahi kushona gauni la harusi lililonipa furaha ya namna ile, na nimeshona mengi.

Nilimpika palepale kwenye mawe, ndani ya kopo la maziwa ya unga, kwa chumvi na nyanya moja niliyoiba jikoni. Mchuzi nikautia kwenye kidumu kidogo, nikakibeba katikati ya madumu ya maji, na hakuna aliyekitazama mara mbili. Mama alipokifungua na kunusa, alikaa chini. Hakuuliza nimetoa wapi. Alikunywa nyuma ya mlango akiwa amefumba macho, kisha akakisuuza kidumu kwa majivu mara tatu. Siku ya tatu Chacha alinyonya mpaka akalala na titi mdomoni, na maziwa yakimtiririka shavuni. Nilikuwa na miaka kumi na nilijua kwamba mtoto huyu anaishi kwa sababu yangu. Mpaka sasa sidhani kama nilikosea.

Ila kambare ana meno madogo mengi mithili ya msasa, na mkanda mmoja haukuvumilia zaidi ya samaki wawili watatu. Wa kwanza ulikatika wenyewe, wa pili nikaukata mimi. Baadaye nikaacha kujidanganya. Nilikuwa nikikaa kitandani nikivitazama viatu vyangu na kuchagua ni mkanda upi utakosekana bila kuonekana. Mwishoni mwa Februari nilikuwa nimebaki na soli mbili zilizofungwa miguuni kwa kamba ya katani, nikizipaka tope ili zifanane na kitu. Ijumaa ya ukaguzi mwalimu wa zamu, kijana aliyeletwa kutoka Singida, alisimama mbele yangu akaitazama miguu yangu. "Bhoke, mikanda ya viatu imeliwa na nani?" Darasa likacheka. Hakunichapa, wala simlaumu. Aliandika barua kwa baba, akidhani anamsaidia mzazi kujua kwamba mtoto hana viatu.

Baba aliisoma barua mara mbili, akavishika viatu, akavigeuza. Wakati huo bibi alikuwa ameshakwenda moja kwa moja kwenye madumu ya maji, akafungua moja baada ya jingine, na akanusa, maana harufu ya samaki ilikuwa imemtia shaka siku nyingi. Alipokifikia kidumu kidogo alikirusha uani. Baba aliniuliza nani amenituma kuvua. Nilifungua mdomo. Nakumbuka kabisa kwamba niliufungua, na jibu la kweli lilikuwa fupi sana, hakuna aliyenituma. Mama akanitangulia. Alitoka ndani na Chacha mgongoni, akasema kwa utulivu, "Mimi ndiye niliyemtuma. Mtoto mwache." Nami nikaufunga mdomo. Nimemkasirikia baba miaka mingi, nikamkasirikia bibi mpaka akafa na baada ya kufa, lakini hasira ya kwanza kabisa, ile inayonikaba nikinusa plastiki, ni dhidi ya yule msichana aliyesimama uani na soli mbili miguuni, akanyamaza.

Wazee watatu wa ukoo waliitwa jioni hiyohiyo. Hawakupiga kelele, walizungumza kama watu wanaopanga siku ya kupanda mahindi. Mama aliambiwa achague moja kati ya mawili: arudi kwao Shirati amwache Chacha, kwa kuwa mtoto ni wa mji uliotoa ng'ombe, au aape. Aliapa. Baba mwenyewe alikishusha kibuyu cha maziwa ukutani, mama akaweka mkono juu yake na kusema samaki hatapita kinywani mwake maisha yake yote, mpaka aliyemwapisha amfungue. Kwetu kiapo cha namna hiyo hakikomi chenyewe, hata mkisahau. Aliyekufunga ndiye anayekufungua, kwa kibuyu kilekile, anamimina maziwa kidogo chini na kusema maneno matatu: nimekufungua, kula upendacho. Kabla mahindi hayajafika magotini maziwa ya mama yalikatika. Chacha alilelewa kwa maziwa ya ng'ombe na kuharisha, na mama alikesha naye, na bibi alisema mtoto ametupiwa jicho baya na mtu. Aliishi. Sasa ni mwanamume mwenye ndevu anayeendesha bodaboda Matongo, na hajui kwa nini huwa namtazama sana anapokula.

Sasa nieleze ya leo. Bibi hayupo. Lambo limechimbuliwa upya, na watoto wa kijiji wanavua mchana kweupe, wavulana kwa wasichana, miguuni wana viatu vizima. Sato wanakaangwa senta ya kijiji na hakuna ng'ombe aliyekauka kiwele. Baba ana presha. Daktari amemkataza nyama nyekundu, akamwambia ale samaki, na baba amempokea samaki kana kwamba alizaliwa Shirati. Wajukuu wanakula. Mke wa Chacha anakula. Mama anapika kwa ule mchuzi wa kwao wenye nyanya nyingi, anawapakulia wote, kisha anakaa na sahani yake ya mboga za majani. Kila mtu kwenye mji ule amefunguliwa isipokuwa yeye. Miaka hii miwili kila Jumamosi nilikuwa nampelekea baba samaki kutoka Tarime, na kila Jumamosi nilitegemea kwamba ataona. Mtu anawezaje kula mbele ya sahani ile na asione?

Mwezi uliopita nilimkuta baba lamboni amekaa kwenye kigoda chake, anazungumza na kijana wa ofisi ya kilimo aliyehamishiwa kwetu kutoka Morogoro. Kijana alikuwa na fimbo nyembamba ya kisasa ya kuvulia, uzi unaokaribia kutoonekana, na pakiti ya minyoo ya plastiki laini, ya kijani na ya zambarau, yenye mikia inayocheza. Nilichukua mmoja nikaunusa. Ulikuwa unanuka kiatu. Baba akacheka kwa majivuno, akamwambia kijana, "Huyu binti yangu ndiye aliyeanzisha haya mambo hapa. Alikuwa bado mdogo, anavua kwa viatu. Ana akili sana huyu." Kijana akataka kusikia zaidi. Nilimwomba ile fimbo, nikarusha, nikaacha uzame, nikahesabu mpaka kumi. Nilipata kambare wawili, nikawapandisha nyumbani wakiwa hai ndani ya beseni, na baba akinifuata nyuma kwa mkongojo wake, amefurahi.

Nililiweka beseni mbele yake. Nikaingia ndani, nikakishusha kibuyu, nikakiweka kando ya beseni. "Tata," nikamwambia baba, "mfungue mama." Hakunielewa, na ninasema kweli kwamba hakunielewa. Ilibidi nimkumbushe mwanzo hadi mwisho, viatu, barua, wazee, kibuyu, na nikasema pia lile ambalo sikulisema nikiwa na miaka kumi, kwamba mama hakunituma. Alinisikiliza akikuna goti. "Hayo ni ya zamani," akasema. "Nani amemkataza? Ale tu." Mama alikuwa mlangoni na mwiko. Akasema kwa sauti ya kawaida, bila kumtazama, "Aliyenifunga hajanifungua. Sitakula." Nikamwambia baba, maneno matatu tu. Akakasirika, akauliza tangu lini mimi nampangia mji wake, na kama nimekuja kumfundisha kuapisha. Nililibeba beseni. Mama alinifuata hadi kwenye boma la ng'ombe akinisihi, "Nyathina, mwanangu, baba yako mgonjwa, mwache ale." Sikusimama. Niliwamwaga kambare wote wawili lamboni.

Tangu siku hiyo sijampelekea samaki, na nimemwonya Chacha na yule kijana wa kilimo wasimpelekee. Ni Jumamosi ya nne sasa anakula maharage. Daktari hakukataza maharage. Watu wa ukoo wamenipigia simu kuniambia nina roho ngumu, na wengine wao ni watoto wa wale wazee watatu. Jumamosi iliyopita nilikuta kibuyu kimeshushwa, kimeoshwa kwa majivu na kuanikwa juani. Nilimwuliza mama kama ni yeye, akatikisa kichwa. Baba alikuwa amekaa upande wa pili wa uwanja, anajifanya anatengeneza kamba ya ndama. Nilikula maharage yao nikapanda bodaboda ya kurudi mjini, bado nimekasirika, na sikuona haya. Kuosha kibuyu si kumfungua mtu. Mimi nilifunga soli zangu kwa katani kila asubuhi, kiangazi kile, kwa ajili ya mke wake na mtoto wake, na kila fundo lilichukua muda mrefu kuliko maneno matatu.