Dari na Kidato cha Tatu

Ndugu yangu hatulii. Hata akiwa amekaa, kuna kitu chake kinachotembea: goti linacheza, au kidole gumba kinapapasa meza kana kwamba na meza ina kioo cha simu. Mama husema alimzaa akiwa na haraka, na haraka hiyo ikabaki kwa mtoto.

Watu wanamwita Dari, na jina hilo hakulipata bure. Ukuta kila mtu anaweza kuupaka rangi. Hata mimi niliwahi kupaka jiko letu na likaendelea kuonekana jiko. Dari ni habari nyingine. Unapaka umeinua uso, shingo inauma, rangi inakudondokea kwenye kope, na ukisimama kidogo tu kupumzika, alama ya brashi inabaki palepale na kila atakayelala chali ataiona. Ndugu yangu alikuwa akipaka dari zima kama kwa pumzi moja, na ukilitazama huwezi kusema alianzia wapi. Kila jioni alirudi nyumbani na nukta nyeupe nywelini, mke wake akazibandua kwa ukucha huku akimsimulia habari za wateja wake, maana yeye ni fundi cherehani na wateja wa nguo hawaishi vituko.

Mpanda ngazi hushuka, walisema wahenga, ila hawakusema anashuka vipi. Yeye alishuka kwa ubavu. Ngazi iliteleza kwenye vigae vyenye vumbi la plasta, akavunjika mkono na mfupa wa mtulinga. Mifupa iliunga vizuri. Daktari akamnyoosha mkono, akamzungusha bega, akamwambia aende akafanye kazi.

Mifupa ilikubali, ngazi ikakataa. Aliiegemeza ukutani sebuleni kwetu ajaribu, akakanyaga kidato cha kwanza, akakanyaga cha pili, na alipofika cha tatu goti likaanza kutetemeka hadi ngazi ikawa inagonga ukuta kama mgeni anayebisha hodi. Akashuka amelowa jasho. Akajaribu tena kesho yake, ikawa vilevile. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, hilo nalijua, lakini mimi utani ukinijia mdomoni huwa siujui kuuzuia. Nikasema ndugu yangu amekwama kidato cha tatu kama mwanafunzi anayekariri darasa. Hakucheka. Mke wake alicheka kidogo, kisha akaingia jikoni. Baada ya siku chache ngazi ikahamia koridoni, wifi akatundika juu yake nguo zilizofuliwa, na hakuna aliyeziondoa ila kwa kutundika nyingine.

Sasa niseme kuhusu gemu. Ilianzia hospitalini, mkono mmoja ukiwa kwenye plasta, na jirani yake wa kitanda ndiye aliyemwekea kwenye simu. Kuna kijana mwenye kofia anapanda mnara. Anaruka kutoka ukingo hadi ukingo, anaokota sarafu, na kila akimaliza sehemu moja tarumbeta inalia na sauti ya mwanamke inasema: Hongera, umepanda ngazi. Siku hizi gemu nazo zinajua Kiswahili. Ukipanda ngazi unapewa kamba, au glavu, au kofia nzuri zaidi ya ile ya jana. Kila siku kuna kisanduku cha zawadi, na ukikifungua bila kuruka siku, kisanduku cha kesho kinakuwa kikubwa zaidi. Ukisahau siku moja, mnyororo unakatika na unaanza na kisanduku cha kitoto.

Mimi sikuidharau. Intaneti ya nyumba ninailipia mimi, na ndugu yangu alizoea kusema kwamba nyumba yake ina wifi mbili, moja inakatikakatika na nyingine, yaani mimi, haikatiki maneno. Kwa hiyo siku moja niliichukua simu yake nikajaribu, na nikachelewa kazini. Mimi nafanya usafi zahanati. Miaka yote niliyopiga deki pale, hakuna aliyewahi kuniambia hongera kwa sakafu. Kule kwenye mnara niliruka mara chache tu, na tayari wamenipa viatu.

Lakini kulikuwa na kitu nilichokigundua nikiwa nimesimama nyuma ya kiti chake. Yule kijana akikosea kuruka anaanguka, anaporomoka mpaka pale alipopumzika mara ya mwisho, halafu anasimama na kujikung'uta suruali. Havunjiki. Ngazi alizokwisha kupanda hazifutwi. Ndugu yangu alikuwa akipanda kwa haraka bila kupepesa macho, ila kijana akianguka alisimamisha kidole akatazama anavyoinuka. Wakati mwingine nilihisi anamwangusha makusudi. Niliona huruma mpaka nikataka kulia, na kwa kuwa sipendi kulia nikamgombeza kuhusu vyombo.

Mkandarasi wake wa siku zote akapata kazi ya kukarabati zahanati yetu, na dari la ukumbi wa kusubiria lilikuwa na madoa ya maji tangu zama hizo. Alimtaka Dari na si mwingine. Alipita nyumbani akamweleza wifi bila kuzunguka: Jumatatu kazi inaanza, na kama mume wake bado hapandi, atamchukua mtu mwingine, na huyo mwingine ndiye atakayekuwa naye kwenye kazi zote zinazokuja. Wifi alimfikishia mumewe ujumbe kama ulivyo. Ndugu yangu akasema ataona. Akazunguka koridoni akiwa na simu mkononi, akaipita ngazi, akarudi, akaipita tena, kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Mama yetu anaishi mbali, kwa kaka yetu mkubwa. Tangu ajali, kila jioni anapiga simu na swali lake ni lilelile: umepanda? Na kila jioni mwanawe humuuliza habari za miguu yake, na Mama akiulizwa miguu husahau mengine yote. Ijumaa hiyo gemu ilikuwa imemkolea. Mama alipopiga, akaweka simu kwenye spika ili vidole visisimame.

"Mwanangu, leo umepanda?"

"Nimepanda, Mama," alisema bila kuinua uso. "Nimepanda ngazi nne tangu asubuhi."

Yeye alikuwa kwenye mnara. Mama alikuwa kwenye ngazi ya mbao na rangi ya kopo. Mama akalia, akamshukuru Mungu kwa sauti, akakata simu, na moja kwa moja akampigia mkandarasi, ambaye namba yake alikuwa nayo tangu siku za hospitali. Kijana mwenye kofia hajafika hata ukingo wa pili, ujumbe ukaingia juu ya kioo: Hongera fundi, nimesikia kwa mama. Jumatatu saa mbili, ukumbi ni wako.

Nilirudi kutoka kazini nikamkuta anatembea kutoka mlango hadi dirisha. Wifi alikuwa ameketi kwenye cherehani, kitambaa kiko chini ya sindano na mguu wake hausogei. Alinieleza yeye, maana mwenye jambo hakuweza. Nilianza kucheka, nikamtazama usoni, nikaacha. Wifi alimwambia ampigie Mama sasa hivi amweleze. Akasema hawezi kumpigia mama yake amrudishie machozi machoni. Basi ampigie mkandarasi. Akasema mwili utakumbuka wenyewe ukifika kazini, mwili haujasahau, ni hapa nyumbani tu ndipo unapodeka. Nikamwambia amepanda mchongoma, na kushuka ndiyo ngoma. Mwisho wa wiki ulipita hivyo, na Mama kila alipopiga aliulizwa miguu. Alikula akiwa amesimama. Alizigusa nguo zilizo kwenye ngazi, akasema bado mbichi, na zilikuwa kavu kabisa.

Jumatatu wagonjwa walihamishiwa kwenye veranda, mabenchi yakafunikwa nailoni, ngazi ya miguu minne ikasimamishwa katikati ya ukumbi. Mimi nilikuwa na deki yangu mlangoni. Nilipafuta mahali pamoja hadi pakang'aa kuliko zahanati nzima. Ndugu yangu alishika ngazi, akatazama madoa juu, nami nikaona macho yake yanapima pa kuanzia, kama zamani, na kwa muda mfupi niliamini.

Cha kwanza. Cha pili. Cha tatu, na ngazi ikaanza kubisha hodi sakafuni. Alibaki pale. Mkono mmoja ulikuwa na brashi, na kidole gumba cha mkono wa pili kilikuwa kinapapasa ubavu wa ngazi, kinaenda na kurudi. Nilielewa kwamba kinatafuta pa kubonyeza. Kisha akashuka, akaiweka brashi juu ya kopo taratibu.

"Fundi, kuna nini?" mkandarasi akauliza.

"Bosi, mimi sijapanda ngazi tangu nianguke. Nilizopanda ni za kwenye simu. Mama hakujua, na mimi sikumsahihisha."

Mkandarasi si mtu mbaya. Alilitazama dari, akamtazama yeye, akajifuta uso kwa kiganja. Lakini tarehe ya kukabidhi kazi haimngoji mtu kupona. Akasema dari atalifanya mwingine, naye Dari apake kuta hadi pale mkono wake unapofika. Huyo mwingine alikuja kabla ya chakula cha mchana, anapiga mluzi, akapanda bila hata kutazama anakanyaga wapi. Alama zake za brashi ziko juu ya benchi la tatu hadi leo, naziona kila nikiinua kichwa.

Ndugu yangu alipaka kuta. Sijawahi kumwona amejiinamia vile, na ilinichoma, kwa sababu ninajua anavyopenda kuitwa jina lake na siku ile hakuna aliyethubutu kumwita. Muda wa chai wenzake walitoka nje. Yeye akaisogelea ngazi. Akapanda vitatu, akashuka. Akapanda vitatu, akashuka. Hakufanya kama shujaa, alifanya vilevile alivyokuwa akicheza, haraka haraka, mdomo umeachama kidogo. Kila alipofika chini alijikung'uta suruali, na suruali haikuwa na kitu. Mkandarasi alichungulia dirishani na birika mkononi, akarudi alikotoka.

Jioni simu yake ililia kumkumbusha kwamba kisanduku cha siku hakijafunguliwa, mnyororo unakaribia kukatika. Mnyororo ule aliuanza na plasta mkononi. Aliusoma ujumbe akiwa amesimama, goti linacheza. Nilidhani atakaa. Badala yake aliitumbukiza simu kwenye mfuko wa shati, akaenda koridoni, akaanza kuondoa nguo kwenye ngazi. Alinipa shati, akanipa kanga, akanipa shuka mbili. Nami nikapokea. Mlio wa cherehani ukakoma, wifi akatoka.

Alikuwa kidato cha pili Mama alipopiga. Aliibonyeza spika bila kuitoa simu mfukoni. Akapanda cha tatu, na ngazi ikaanza kugonga ukuta. Wifi akaikumbatia kwa chini, bega lake limeegemea ubao. Ndugu yangu akaachia pumzi, akainua mguu, akauweka kidato cha nne. Na mimi, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nilikuwa na utani mzuri mdomoni nikaumeza.

"Umepanda?" Mama aliuliza.

"Nimepanda, Mama."

"Ngapi leo?"

"Moja."

"Moja tu? Si Ijumaa ulisema nne?"

"Zile hazikuwa ngazi, Mama, nitakueleza. Hii ni moja tu. Na bado niko juu yake."

Wifi hakuiachia ngazi. Mimi nilisimama na nguo za nyumba nzima kifuani, sina mkono wa kufutia macho.