Kura ya Verlin Kosko na Mgombea Aliyeshika Bunduki Vibaya

Kwa miaka arobaini na mmoja Verlin Kosko na mkewe Dolores walipanda gari moja kwenda kupiga kura, na kwa miaka yote hiyo kura zao zilifutana. Verlin ni Republican tangu tumboni mwa mama yake. Dolores, binti wa mchimba makaa ya mawe, ni Democrat na atazikwa hivyo. Wakishapiga kura hupitia mkahawani kula pai ya tufaha.

"Tungeweza kubaki nyumbani wote wawili, hesabu ingekuwa ileile," Dolores husema. "Lakini simwamini huyu. Nikivua viatu tu, atatokea dirishani."

Usidhani wanagombania bunduki, kama vyama vyao vinavyogombania. Dolores anazo mbili zake, na hapa Cutler's Run, Pennsylvania, kila mtu anajua kuwa yule kulungu ambaye pembe zake zimetundikwa sebuleni kwao aliangushwa na Dolores. Wageni wakiuliza, Verlin hujibu, "Tulimpata."

Mimi ni jirani yao, na ni mwanachama wa klabu ya shabaha ambako Verlin ndiye msimamizi wa usalama. Alistaafu ufundi mitambo kwenye kiwanda cha karatasi. Ni mtu mpole, lakini akishavaa filimbi shingoni hana ndugu wala rafiki. Aliwahi kumtoa uwanjani mchungaji wetu, Jumapili ikamkuta Verlin amekaa kiti cha mbele kanisani anamtazama bila haya.

Mwaka wa kisa hiki chama chake kilimsimamisha wakili mmoja, Grant Teasdale, agombee kiti chetu katika bunge la jimbo. Bango lake likawekwa njia panda. Alikuwa amevaa koti jipya la kuwindia, kidole kimelala juu ya kifyatulio kana kwamba ni kengele ya mlangoni, na darubini ya bunduki imefungwa nyuma mbele.

Verlin, nikiwa naye garini, akasimamisha gari.

"Labda picha imegeuzwa," akasema.

"Ingegeuzwa, na maandishi yangegeuka," nikamjibu.

"Nyamaza kidogo, jirani. Naomboleza."

Upande wa Democrat mgombea alikuwa Ruthann Mosler, daktari wa mifugo anayemtibu mbwa wa Verlin. Anawinda tangu ana miaka kumi na miwili, na mara mbili amewashinda wanaume wa klabu katika mashindano yetu. Kwa Verlin alikuwa na kasoro moja tu, chama chake. Wabunge wa chama hicho walikuwa na muswada wa kumtaka anayenunua bastola asubiri siku tatu kabla ya kukabidhiwa.

Oktoba klabu iliwaalika wagombea wote wawili kwenye kifungua kinywa cha chapati za maji na soseji za kulungu. Teasdale aliombwa alenge shabaha. Akapokea bunduki, akageuka kuwatabasamia wapiga picha, na mtutu ukageuka naye. Watu sitini tulijikuta chini, wengine na sahani mkononi. Haikuwa na risasi, lakini hilo tulilijua baadaye.

Filimbi ikalia.

"Weka chini. Toka uwanjani."

"Mzee, mimi ndiye mgombea wenu."

"Hata ungekuwa mama yangu, ungetoka."

Zamu ya Ruthann ilipofika, alipiga risasi tano na zote zikaingia katikati. Verlin akamsogelea, sauti ikiwa laini kama ya mtu anayeomba mkopo.

"Daktari, ule muswada wa siku tatu. Wewe hutauunga mkono, sivyo?"

Nilimtazama usoni. Alikuwa anamwomba adanganye.

"Nitauunga mkono, mzee Verlin," Ruthann akasema. "Nilimzika rafiki yangu aliyejiua kwa bastola mpya; pengine siku tatu zingemtosha kubadili nia. Najua hutaki kusikia hilo. Lakini bora unichukie leo kuliko Januari, nikishaapishwa."

Juma zima Verlin hakuwa na raha. Nilimkuta barazani, mbwa miguuni, akijisemesha.

"Huyu hajui bunduki ila atazilinda. Yule anazijua ila atanisubirisha siku tatu."

Dolores akajibu kutoka ndani, "Mwanamume anayekaa juu ya mti kwa muda wa saa tisa kumngoja kulungu asiyetokea, leo siku tatu zinamtisha?"

"Hilo ni suala la kanuni, Dolores."

"Na kulungu hakuwa na kanuni?"

Mwishowe Verlin akaamua kumtengeneza mgombea wa chama chake. Alimpigia simu: njoo Jumamosi, bila wapiga picha. Teasdale, tumpe haki yake, akaja. Akaja na Jumamosi ya pili. Alifundishwa kushika, kufungua, kukagua, kuelekeza mtutu chini. Jumamosi ya tatu waliketi wakinywa kahawa ya chupa, na Teasdale akamwambia, "Mzee, nikuambie kweli. Kabla ya Agosti sikuwa nimewahi kugusa bunduki. Ile ya kwenye bango washauri wangu waliiazima."

"Nilihisi. Sasa ule muswada utaupinga?"

"Kabisa. Chama kinaupinga."

"Na chama kikigeuka?"

Teasdale alifikiri, wala hakuonekana kutafuta hila. "Itabidi nigeuke nacho. Si ndio uaminifu huo?"

Verlin ndiye aliyenisimulia haya baadaye. Neno hilo, uaminifu, ndilo alilokuwa akijisifia tangu ana miaka ishirini na mmoja.

Siku ya uchaguzi tulisimama foleni moja katika ukumbi wa zimamoto. Zamani alama moja ilitosha kuwapa kura wagombea wote wa chama chako. Siku hizi unakwenda jina kwa jina, na Verlin alikwenda hivyo, wa kwao, wa kwao, wa kwao, mpaka akafika mstari wa bunge la jimbo. Pale alikaa hadi msimamizi akamuuliza kama kalamu imekauka.

Garini akamwambia mkewe, "Nimempa daktari."

Dolores alikuwa anaendesha. Akaegesha kando ya barabara.

"Verlin, unaumwa?"

"Siumwi."

"Maana yake kura zetu zimejumlika."

"Ndiyo."

Dolores akawasha gari tena. "Sijazoea," akasema, na pai ya siku hiyo hakuimaliza.

Ruthann alishinda kwa tofauti ya kura sitini na tatu. Kura ya Verlin ilipojulikana klabu ikachafuka, kukaitishwa kikao cha kumvua Verlin filimbi. Akasimama kujitetea, kofia mkononi.

"Mimi ni Republican hadi leo. Gavana, seneta, mpaka mbunge wa Washington, wote niliwapa wa kwetu. Huyu mmoja nilimpa kwa sababu nikitaka kugombana naye najua nitamkuta wapi."

Alibaki na filimbi, kwa kura kumi na tisa dhidi ya kumi na saba. Dolores, naye ni mwanachama, alikuwa kati ya hao kumi na saba. Alisema Jumamosi anamhitaji nyumbani, mifereji ya paa imejaa majani.

Februari Ruthann akaupigia muswada kura ya ndiyo, kama alivyosema. Ukaangushwa katika baraza la pili la bunge, lakini hilo halikumzuia Verlin kumwandikia barua ya kurasa mbili zenye moto. Ruthann akamjibu kwa mkono, ukurasa mmoja, bila kurudi nyuma hata hatua, na mwisho akamkumbusha chanjo ya mbwa.

"Uchaguzi ujao je?" nilimuuliza Verlin.

"Inategemea chama changu kitaniletea nani," akasema, na nikaona kuwa jambo hilo linamsumbua kweli.

Aprili, gari la Teasdale likaingia uwanjani. Hakuwa na kampeni wala mpiga picha. Alisimama mlangoni kama mtoto aliyechelewa shule, akauliza kama bado kuna nafasi. Verlin akampa vizibo vya masikio, akamwonyesha mstari wa nne. Bado anakuja, na hadi juma lililopita, katika risasi kumi, mbili zinafika kwenye duara.